Miaka miwili LinkedIn, hakuna rikruta (mtafuta wafanyakazi) hata mmoja aliyenitafuta. Profaili yangu ina mkosi gani?

#1 MtuWaStoo
Wakuu habari za muda. Naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina miaka 7 kwenye kazi za stoo na manunuzi, miaka miwili iliyopita nikafungua LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, baada ya jamaa yangu mmoja kupata kazi kupitia huko, yeye alifuatwa tu inbox hakuomba wala nini. Mimi nimejaza kila kitu, picha ipo, vyeti vipo, koneksheni zimefika 500+, na kila asubuhi nalaiki mabandiko ya watu mpaka kidole kinauma. Inbox yangu ina watu watatu: mmoja anauza kozi, wa pili anauza kozi ya jinsi ya kuuza kozi, wa tatu ni binamu yangu.

Ule mstari wa chini ya jina langu unasomeka hivi (nautafsiri msije mkaenda kunichungulia): "Mchapakazi | Mwenye ari ya kujifunza | Mpenda matokeo | Natafuta fursa mpya".

Naona watu wenye uzoefu mdogo kuliko wangu wanafuatwa. Shida ni picha? Nilipie ile akaunti ya kulipia? Au ndo mambo ya kujuana kama kawaida?

#2 ChuraMtoni
Nimeshavuta kiti. Ngoja waje wajuvi.

#3 UpandeWaPili
Mdogo wangu, kutafuta watu ndo kazi inayonilisha, ngoja nikwambie inavyokuwa. Bosi ananiambia nataka mtu wa stoo, awe ametumia mfumo fulani wa kompyuta, awe amewahi kushika mzigo unaoharibika. Mimi nafungua kisanduku cha kutafutia naandika cheo, naandika jina la mfumo, naweka eneo, nabonyeza. Majina yanakuja, nafungua ya ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu nikiwa bado nina nguvu. Sijawahi hata siku moja kuandika "mchapakazi" kwenye kile kisanduku. Wala "mpenda matokeo". Kwa hiyo wewe hujakataliwa na mtu, wewe hujaonekana kabisa. Soma tena mstari wako, neno stoo liko wapi?

#4 MtuWaStoo
Aisee. Halipo kweli. Miaka miwili yote.

#5 KalamuNyekundu
UpandeWaPili kamaliza kazi. Mimi naongezea tu kwamba ule mstari ni herufi 120, nafasi ni ndogo, kwa hiyo kila "mwenye ari" unayoweka unafukuza neno lenye faida. Cheo, mfumo unaotumia, aina ya mzigo. Basi.

#6 FundiMitambo
Mkuu wa #5 hiyo ya 120 ilikuwa zamani, tangu 2020 ni 220. Ila hoja yako inasimama, maana ukikomenti mahali watu wanaona kipande cha mwanzo tu, mbele kunakatwa. Kwa hiyo cheo kikae mwanzo, ari ikae mwisho kama lazima iwepo.

#7 ChuraMtoni
Ari ikae nyumbani.

#8 MzeeKifimbo
Vijana mnahangaika na herufi. Mimi nimeajiriwa mara nne maishani na mara zote nne kuna mtu alisema "huyo namjua". Hakuna aliyefungua profaili. Huo mtandao umejaa watu wanapongezana tu, fulani kapata cheti, hongera, fulani kamaliza kozi, hongera. Kazi inatoka kwa mtu, haitoki kwenye kisanduku.

#9 MtuWaStoo
Shikamoo mzee. Sasa mimi huyo mtu wa kusema "huyo namjua" namtoa wapi, waajiri wangu wote wawili wa nyuma walishafunga biashara.

#10 MzeeKifimbo
Marahaba. Hao waajiri wamefunga lakini uliofanya nao kazi hawajafungwa. Wako wapi sasa hivi? Anza hapo.

#11 BintiMakini
Kabla hamjaenda mbali, MtuWaStoo eneo lako limeandikwaje? Nauliza kwa sababu mimi nilihama mji, nikakaa mwaka mzima mji mpya huku profaili inasema niko kule kule. Rikruta anayechuja kwa eneo mimi simo. Na wa kule walionipata nikawa nawajibu samahani nimehama, mmoja akaniambia basi badilisha dada unatupotezea muda 😂 Nilibadilisha jioni ile ile, ndani ya wiki mbili nikaanza kupata ujumbe wa hapa nilipo. Mstari wa chini ya jina sikuugusa hata kidogo. Kwa hiyo mimi siamini sana hayo ya maneno, naamini vichujio.

#12 UpandeWaPili
BintiMakini kichujio na neno vinafanya kazi pamoja. Wewe maneno yako yalikuwa tayari yako sawa ndo maana wa kule walikuwa wanakupata.

#13 BintiMakini
Inawezekana. Ila ingekuwa maneno pekee nisingekaa mwaka kimya huku.

#14 NdotoZaJuma
Mbona hamsemi ile fremu ya kijani kwenye picha, ya kuonyesha unatafuta kazi? Iwashe tu mkuu, inaonekana na marikruta peke yao, wanajua huyu yuko tayari.

#15 DadaWaRipoti
NdotoZaJuma usimponze mwenzio!! Kuna namna mbili. Ukichagua wanachama wote waone ndo unapata ile fremu ya kijani na inaonekana na kila mtu, hadi bosi wako hadi mlinzi wa getini. Ukichagua marikruta tu, fremu haitokei. Na hata hiyo ya pili LinkedIn wenyewe wameandika kwamba wanajitahidi kuwaficha marikruta wa kampuni yako wasione lakini hawakuhakikishii asilimia mia.

Mimi nilichanganya hizo mbili kama wewe. Jumatatu nimefika kazini, meneja wangu ananiuliza kwa upole kabisa "vipi, tunakuudhi wapi?" Nikajua nimeisha. Fremu ilikuwa imewaka tangu Ijumaa usiku, wikiendi nzima nawaka kijani kama taa ya barabarani na sijui.

#16 ChuraMtoni
Ulimjibu nini?

#17 DadaWaRipoti
Nilimwambia ni mapambo. Hakuamini. Baada ya mwezi akaniongezea mshahara kidogo, kwa hiyo sijui nihesabu ni hasara au faida.

#18 MpitaNjia88
Sasa hapo tumepata njia ya kuomba nyongeza ya mshahara.

Ila kuhusu fremu kuna marikruta wanaiona kama bango la shida, mtu anayetafutwa hajitangazi. Mimi nimesikia hivyo kwa zaidi ya mmoja.

#19 UpandeWaPili
Mimi ni kinyume. Nikiwa na watu ishirini na wiki moja ya kujaza nafasi naanza na wenye kijani, angalau najua atanijibu. Wenzangu wengine ni kama anavyosema MpitaNjia. Ni tabia ya mtu, sio kanuni.

#20 FundiMitambo
Nimsaidie MzeeKifimbo kidogo ingawa nilikuwa siko upande wake. Kuna mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika 1973 kwamba kazi mara nyingi inakuja kupitia watu unaofahamiana nao juu juu, sio ndugu na marafiki wa damu, maana rafiki wa damu anajua yale yale unayojua wewe. Sasa 2022 ikatoka tafiti kubwa kwenye jarida la Science, wametumia LinkedIn yenyewe, watu milioni 20 hivi kwa miaka mitano, walikuwa wanabadilisha ile orodha ya "watu unaoweza kuwafahamu", wengine wanaletewa wa mbali zaidi wengine wa karibu zaidi, halafu wanaangalia nani kahama kazi. Wakakuta ni kweli, kadiri mtu alivyo wa mbali ndivyo anavyokusaidia zaidi. Kwa hiyo mleta uzi hizo koneksheni 500+ zinaweza kuwa zote za aina moja, ulisoma nao na unafanya nao kazi.

#21 DadaWaRipoti
Fundi umepatia nusu. Sio kadiri alivyo wa mbali. Walikuta wa katikati ndo bora, sio wa mbali kabisa ambaye hata hakujui wala sio wa karibu sana. Na kuna kipande umekiruka ambacho kinamhusu mleta uzi: hiyo faida ya watu wa mbali ilikuwa kwenye sekta za kidijitali zaidi. Kwenye sekta ambazo si za kidijitali sana, wa karibu ndo walisaidia zaidi.

#22 MzeeKifimbo
Narudia kusema. HUYO NAMJUA.

#23 MtuWaStoo
Kwa hiyo mimi wa stoo nirudi kwa mjomba 😭

#24 FundiMitambo
Nimekubali marekebisho #21, nilisoma kwa haraka. Ila stoo ya siku hizi nayo ina skana, ina mfumo, ina ripoti, sasa iko upande gani wa huo mstari? Hapo bado naona tunabishana.

#25 ChuraMtoni
Ngojeni kwanza. Yaani watu milioni 20 walikuwa wanachezewa orodha miaka mitano na hawajui? Tulikuwa panya wa maabara? Ndo maana walikuwa wananiletea mpenzi wangu wa zamani kila siku "unaweza kumfahamu". NAMFAHAMU. Hiyo yote kazi ya Facebook hiyo.

#26 MpitaNjia88
Chura LinkedIn sio ya Facebook, ni ya Microsoft, waliinunua 2016 kwa dola bilioni 26.2. Na imefunguliwa Mei 2003, ni kubwa kiumri kuliko hiyo Facebook yako ya 2004. Ila ni kweli watu walilalamika sana utafiti ulivyotoka.

#27 ChuraMtoni
Sawa babu wa intaneti.

#28 MtuWaStoo
Nimewasikiliza wote. Mstari nimeubadilisha: "Msimamizi wa Stoo na Manunuzi | mzigo unaoharibika | " halafu jina la mfumo tunaotumia. Eneo nimeliangalia liko sawa kwa hiyo ya BintiMakini sio langu. Sasa sehemu ya kujieleza nimeiandika upya hii hapa nikosoeni:

"Mimi ni mtaalamu mahiri mwenye shauku ya kuleta suluhisho bunifu katika mnyororo wa ugavi unaobadilika kwa kasi, nikiwa na rekodi iliyothibitika ya kuvuka matarajio na kufanya kazi kwa ushirikiano katika mazingira yenye shinikizo."

#29 KalamuNyekundu
Hii umeandika wewe au ChatGPT?

#30 MtuWaStoo
Tumesaidiana.

#31 KalamuNyekundu
Imekusaidia wewe kupotea. Hebu nijibu kama unaongea na mimi kibarazani, kazini umewahi kufanya kitu gani ambacho kisingefanyika kama usingekuwepo? Kimoja tu. Usiniandikie "suluhisho".

#32 MtuWaStoo
Mmh. Nilipofika pale mzigo ulikuwa unahesabiwa mara moja kwa mwaka, Desemba, stoo inafungwa siku tatu watu wanalala humo humo. Na kila mwaka vitabu vinasema hivi rafu zinasema vile, mnaanza kugombana nani kaiba. Mimi nikaanza kuhesabu rafu mbili kila Ijumaa mchana, mimi na kijana mmoja na daftari, badae tukahamia Excel. Tukikuta tofauti tunaitafuta siku ile ile, mara nyingi sio wizi ni mtu kaandika katoni badala ya pisi. Desemba iliyofuata tulianza asubuhi saa nane mchana tukawa tumemaliza, tukaenda nyumbani. Bosi alifikiri tumetoroka.

#33 KalamuNyekundu
UNAONA? Copy, paste. Hivyo hivyo ulivyoandika, toa tu hiyo ya kutoroka. Au iache, mimi ningeiacha. Nafasi ile inabeba herufi 2,600 lakini mtu akifungua anaona mistari michache ya mwanzo, mingine mpaka abonyeze. Kwa hiyo anza na siku tatu zilizokuwa siku moja. Mtu wa stoo yeyote duniani akisoma "katoni badala ya pisi" anajua huyu amekaa humo.

#34 BintiMakini
Nimecheka katoni na pisi mimi mtu wa hoteli, kwetu ni chupa na kreti.

#35 UpandeWaPili
Hadithi nzuri na mimi nimeipenda, ila niseme ukweli, mimi ile sehemu ya kujieleza siisomi. Nashuka moja kwa moja kwenye kazi alizofanya, cheo, kuanzia lini mpaka lini, alifanya nini. Siku tatu mpaka siku moja iandike PALE chini ya kazi yenyewe. Na jambo linalotoa watu kwangu kuliko yote ni tarehe. CV inasema aliacha kazi Machi, LinkedIn inasema Septemba. Sio lazima awe muongo, wengi wamesahau tu, lakini nikiwa na mwingine ambaye tarehe zake zinakubaliana nani ataingia intavyuu?

#36 KalamuNyekundu
Wewe husomi ila yule bosi unayempelekea majina anasoma. Mimi niliambiwa kwenye intavyuu "nimeona umeandika kuhusu ile ripoti", na ilikuwa pale pale kwenye kujieleza.

#37 UpandeWaPili
Bosi asomaye. Niazime.

#38 NdotoZaJuma
Swali kwa wote, cheo changu kazini ni "Afisa Daraja la Pili C". Sasa nani atatafuta hicho? Naweza kuandika "Mchambuzi wa Takwimu" kwa sababu ndo ninachofanya?

#39 MpitaNjia88
Weka vyote viwili, Afisa Daraja la Pili C halafu mkato halafu uchambuzi wa takwimu. Wakipiga simu kuulizia, daraja lako lipo. Ukifuta kabisa ukaweka cha kwako hapo umedanganya, siku wakipiga simu utaumbuka.

#40 MzeeKifimbo
Daraja la Pili C. Na mnasema watu hawajapotea.

#41 BintiMakini
Jamani nimeenda nimempata mleta uzi. (Usiogope sisemi jina, ulivyoandika mfumo wako na mzigo unaoharibika mkawa watatu tu.) Kaka yangu, kwenye picha yako kuna mkono wa mtu begani. Vidole vinne vya mtu asiyekuwepo.

#42 MtuWaStoo
😂😂😂 ilikuwa harusini nikamkata mwenzangu. Nilidhani havionekani.

#43 ChuraMtoni
Hiyo ndo koneksheni ya 501.

#44 FundiMitambo
BintiMakini kumbuka akiwa ameingia kwenye waliotembelea profaili yake atakuona na wewe, labda uwe umewasha ile namna ya kujificha. Ukijificha na wewe kama hulipii huoni waliokutembelea.

Na mleta uzi usisahau ujuzi. Jaza ile orodha, inapokea 50, na fanya ile mitihani yao midogo upate beji.

#45 DadaWaRipoti
Fundi leo nakuandama samahani. Orodha siku hizi inafika 100, na ile mitihani waliiondoa 2023. Pia usiende kujaza 100 kwa sababu nafasi ipo. Mimi nilikuwa na "uongozi", "mawasiliano", "kufanya kazi kwa bidii", na watu wananithibitishia kwa kubonyeza tu, kuna mtu kanithibitishia ujuzi wa kupiga picha na hatujawahi kuonana. Barua tatu fupi za watu waliofanya kazi na wewe, waandike kwa majina yao, zinazidi hivyo vibonyezo vyote.

#46 MzeeKifimbo
Barua ya mtu aliyefanya kazi na wewe. Yaani "huyo namjua" kwa maandishi. Karibuni nyumbani.

#47 MpitaNjia88
Mzee leo kashinda kila upande.

Mimi niwape tahadhari moja. Ukishaanza kuonekana unaonekana na wote. Nilivyonyoosha profaili yangu ndani ya siku kumi nikapata "rikruta" picha nzuri sana, ofa nzuri sana, intavyuu kwa meseji tu bila kuonana, halafu ada ya mafunzo kabla ya mkataba. Nilikuwa nimeshafika kwenye kuuliza natuma kwa njia gani. Kilichoniokoa ni kuangalia akaunti yake ilifunguliwa lini, ilikuwa na mwezi mmoja, na anasema ana miaka kumi na mbili kwenye hiyo kampuni. Tangu 2023 kuna beji ya uthibitisho ya mtu au ya sehemu anayofanya kazi, sio kila mkweli anayo lakini akikwambia toa hela hata awe na beji tatu kimbia.

#48 MtuWaStoo
Wakuu marejesho, leo ni siku ya kumi na mbili. Ile namba ya mara ngapi nimetokea kwenye utafutaji ilikuwa 4 kwa wiki, wiki hii ni 19. Sijui ni mstari, sijui ni picha mpya bila mkono, sijui ni kwamba nimewaandikia wale niliofanya nao kazi zamani kama alivyosema mzee, maana vyote nilifanya siku moja.

Ila nimekuja kwa sababu nyingine. Kuna mtu kaniandikia leo mchana. Anajitambulisha yuko upande wa ajira wa kampuni moja, kampuni ipo, akaunti yake ni ya zamani, beji anayo. Anasema anatafuta msimamizi wa stoo na anauliza kama kuna mtu NAMFAHAMU ninaweza kumpendekeza. Sasa yule kijana wangu wa Ijumaa na daftari amekomaa sana, nimtaje?

#49 UpandeWaPili
MDOGO WANGU. Huyo anakuuliza wewe! Sisi ndo tunavyouliza kwa adabu ili usiyetaka usione tunakutongoza ukiwa kazini kwa watu.

#50 DadaWaRipoti
Sio lazima. Wengine kweli wanatafuta majina tu, wamekuona umeshakaa juu hawadhani utashuka. Muulize vigezo kwanza.

#51 MpitaNjia88
Akitaja ada njoo hapa haraka.

#52 MzeeKifimbo
Mtaje kijana. Kesho na yeye atasema "huyo namjua".

#53 MtuWaStoo
Sasa nimtaje au nijitaje? Nimeshaandika "Habari, ndiyo namfahamu" nikatuma kabla sijarudi kusoma hapa.

#54 ChuraMtoni
Jamaa kaulizwa kama anamfahamu mtu wa stoo akajibu namfahamu halafu akanyamaza. Mimi kiti changu siondoi.